SOMO LA WIKI: Kijarida cha chama, karatasi au barua pepe?

VYAMA vya kuweka na kukopa, vya wafanyabiashara na vya wakulima hukutana na swali moja kila bajeti inapofika mezani. Je, kijarida cha wanachama kiendelee kuchapwa, au kitumwe kwa barua pepe? Wajumbe wengi wa bodi huiona njia ya pili kuwa ya bure. Si ya bure. Mwanachama mwenye hisa ndani ya chama anapaswa kuijua hesabu hiyo, kwani fedha inayotumika ni yake, na habari ikipotea njiani hasara ni yake pia.

Hesabu ya karatasi

Kijarida cha kuchapwa kina gharama za aina mbili. Ya kwanza haibadiliki: kuandika, kupanga kurasa na kuandaa mitambo. Ya pili huongezeka kwa kila nakala: karatasi, wino, kukunja, bahasha na posta.

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 600. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Maandalizi ni Sh. 300,000. Kuchapa nakala moja ni Sh. 800, na kuituma ni Sh. 1,200. Toleo moja litagharimu Sh. 1,500,000, yaani Sh. 2,500 kwa kila mwanachama. Kikitoka mara nne kwa mwaka, ni Sh. 6,000,000.

Hapo posta pekee imekula Sh. 720,000 kwa kila toleo, karibu nusu ya gharama yote. Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi aanze na njia ya kufikisha kabla ya kumbana mchapaji. Uzito nao una bei. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Kijarida cha kurasa nane za A4 ni gramu 20 kabla ya bahasha, na posta hutoza kwa madaraja ya uzito. Aidha, kurasa za kijarida cha kukunjwa huenda kwa nne nne. Tangazo moja la ziada linaweza kukitoa kwenye kurasa nane hadi 12.

Kupunguza nakala nako kuna mtego. Zikichapwa 300 badala ya 600, gharama ya maandalizi na uchapaji hushuka kutoka Sh. 780,000 hadi Sh. 540,000. Nakala zimepungua kwa nusu, lakini gharama haikufika hata theluthi ya kupungua.

Hesabu ya barua pepe

Katika barua pepe, karatasi na stempu huondoka. Uandishi na upangaji hubaki, na huongezeka kazi ya kutunza orodha ya anwani. Tuseme toleo linagharimu Sh. 240,000. Kwa wanachama 600, ni Sh. 400 kila mmoja. Bodi hushangilia.

Hata hivyo, wanachama walioandikisha anwani ni 350. Barua 50 zinarudi kwa kuwa anwani zimekufa. Zinazofika ni 300, na wanaosoma ni 120. Gawanya tena: Sh. 240,000 kwa wasomaji 120 ni Sh. 2,000 kwa msomaji, si Sh. 400. Bado inaweza kuwa nafuu kuliko karatasi, lakini wanachama 480 hawajui kilichoandikwa. Rahisi huwa ghali.

Bodi pia isiegemee sana takwimu za barua zilizofunguliwa. Programu za kutuma huhesabu kwa kipicha kidogo kilichofichwa ndani ya barua. Tangu Septemba 2021, Apple imewawezesha wateja wake kuzuia ufuatiliaji huo, na picha hupakuliwa na mitambo yake hata kama mtu hajasoma neno. Vipimo vya kuaminika ni majibu yanayorudi, fomu zinazojazwa na mahudhurio mkutanoni.

Nani anaachwa nje?

Hapa ndipo penye uzito. Kijarida hubeba tarehe ya mkutano mkuu, pendekezo la gawio na mabadiliko ya riba. Mwanachama aliyemdhamini mwenzake asipopata habari kwamba masharti ya mkopo yamebadilika, akiba yake inaweza kuguswa bila yeye kujua. Wanaoachwa mara nyingi ni wastaafu na wakulima, ambao pengine ndio wenye akiba za muda mrefu zaidi.

Sheria nayo iangaliwe. Tanzania inatambua kumbukumbu za kielektroniki chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Lakini ni vema katiba ya chama ieleze wazi taarifa ya mkutano itolewe kwa njia ipi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, orodha ya anwani za wanachama si bidhaa ya kugawiwa kwa wauza bima.

Njia ya kati

Chama cha mfano kinaweza kuchanganya. Wanachama 300 wapate kwa barua pepe, nakala 300 zichapwe, 150 kati yake zichukuliwe ofisini na 150 zitumwe kwa posta. Maandalizi ni Sh. 300,000, uchapaji Sh. 240,000, posta Sh. 180,000 na utumaji wa barua pepe Sh. 40,000. Jumla ni Sh. 760,000, karibu nusu ya gharama ya awali, na hakuna aliyefutwa orodhani. Ujumbe mfupi wa simu uwakumbushe wote kwamba toleo limetoka. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, zinazotosha kutaja tarehe, mahali na ajenda kuu.

Kabla ya kunyoosha mkono kuunga mkono njia yoyote, mwanachama aulize mambo matatu: anwani ngapi ni hai, nakala ngapi zilirudi mwaka uliopita, na asiyefikiwa atapashwa habari na nani. Bodi isiyo na majibu haijapiga hesabu. Imetazama bei ya kutuma tu.