Breki ya Baiskeli Inayong'ang'ania: Kuitambua Hitilafu na Kuirekebisha

Breki ya baiskeli huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutoshika, na hiyo kila mtu huiogopa. Ya pili ni kushika na kukataa kuachia. Hii ya pili hudharauliwa, kwa kuwa mwendeshaji huiona kuwa ni uzito wa kukanyaga pedeli tu. Tunaieleza hapa kwa sababu ya tiba ambayo wengi wetu huichagua: kufungua ufito wa breki, kuufunga pembeni kwa kipande cha mpira na kuendelea na safari. Katika sehemu tambarare za Ufipa mtu aweza kuishi hivyo kwa miezi mingi, akisimama kwa kisigino. Lakini baiskeli ile ile siku moja hupakiwa gunia la maharage na kushushwa kwa barabara ya Ntendo–Muze, ambako uwanda wenye kimo cha mita zipatazo 1,800 hukatika kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye mita 800 hivi. Hapo kisigino hakitoshi.

Baiskeli nyingi za mizigo, kama vile Phoenix, hutumia breki za fito. Mkono wa breki ukibanwa, ufito huvuta juu kipande cha chuma chenye umbo la kiatu cha farasi, na raba mbili zilizo kwenye ncha zake hugusa rimu kwa upande wa ndani. Mkono ukiachiwa, springi na uzito wa vyuma vyenyewe hurudisha raba mahali pake. Kwa hiyo breki inayong'ang'ania ni breki iliyozuiwa kurudi, na kazi ya mtengenezaji ni kutafuta mahali ilipozuiwa.

Anza kwa kuinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Ikiwa linakwaruza mahali pamoja tu katika kila mzunguko, usiiguse breki: rimu imepinda au spoki zimelegea, na kosa litabaki hata ukibadili raba mara kumi. Ikiwa linakwaruza upande mmoja kwa mzunguko mzima, tazama nati za ekseli. Mara nyingi gurudumu lilirejeshwa kombo baada ya kuzibwa pancha. Legeza nati, liweke katikati ya uma, kaza tena. Ikiwa raba zote mbili zimeng'ang'ania, ndipo breki yenyewe ina hatia.

Sasa igawe breki sehemu mbili. Legeza kwa spana nati inayounganisha ufito wa juu na wa chini, kisha bana mkono na kuuachia. Ukirudi kwa haraka, sehemu ya juu ni nzima na kosa liko chini. Ukibaki umelala, kosa liko juu: springi imechoka au maungio yameshika kutu. Kipimo hiki huchukua dakika moja, nacho huokoa fedha ambayo ingenunua springi isiyohitajika.

Kwa masika yetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, kosa la chini ni matope mara nyingi kuliko jambo jingine. Kile chuma cha raba hupita katika vishikio vidogo vilivyofungwa kwenye miguu ya uma. Udongo ukikauka humo, hukishika kama saruji. Osha kwa maji, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha. Tazama pia kama kishikio kimebonyea au ufito umepinda baada ya baiskeli kuanguka. Kunyoosha kidogo kwa koleo hutosha. Kisha tia tone moja la oili katika kila ungio na kufuta ziada, kwani oili nyingi hukusanya vumbi la kiangazi. Oili isiguse rimu wala raba kamwe.

Baiskeli zenye breki za waya hufuata mantiki hiyo hiyo. Fungua waya kwenye mikono ya breki, uibane mikono hiyo kwa vidole. Ikijirudi yenyewe, waya ndio unaokwama ndani ya ganda lake. Waya wenye kutu au nyuzi zilizokatika usipakwe oili kwa matumaini. Ubadilishwe, pamoja na ganda ikiwa limevunjika kwenye kona. Mikono isipojirudi, safisha egemeo lake, na usikaze boliti yake kupita kiasi: boliti iliyokazwa mno ni chanzo cha kawaida cha tatizo hili.

Unaporudisha raba, acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati yake na rimu. Kikombe cha raba kina upande uliozibwa na upande ulio wazi; uliozibwa uelekee kule rimu inakokwenda, la sivyo raba itachomoka siku ile ile unapoihitaji.

Jaribu kwanza ukiisukuma baiskeli kwa miguu, kisha kwenye mteremko mfupi bila mzigo. Gurudumu lizunguke huru mkono unapoachiwa, na mkono uliobanwa usifike kugusa usukani. Rimu iliyopinda mpelekee fundi mwenye ufunguo wa spoki, nawe utembee hadi kwake.