Ukinyimwa, Dai Sababu kwa Maandishi

Mwislamu wa Kenya anayebaguliwa ni nadra kuambiwa waziwazi kwamba kosa lake ni dini. Kijana wa Garissa anayetafuta kitambulisho huagizwa alete hati za babu yake. Mwanamke mwenye hijabu aliyeomba kazi huelezwa kwamba nafasi imeshajazwa. Ndiyo maana kukariri Kifungu cha 27 cha Katiba, kinachokataza ubaguzi wa dini, hakumfikishi mtu mbali: afisa atakana, na yatabaki maneno yake dhidi ya yako. Kwa maoni yangu, kifungu chenye manufaa zaidi pale kwenye dirisha la ofisi ni cha 47, ambacho hutajwa mara chache. Kinasema mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, au inaelekea kuathiriwa, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza inampa afisa miezi mitatu kujibu tangu apokee ombi. Akinyamaza, mahakama itachukulia kwamba uamuzi wake haukuwa na sababu ya maana, hadi athibitishe vingine.

Chukua suala la kitambulisho. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata hati za usajili, lakini kwa miaka mingi Wasomali wa kaskazini mashariki na Wanubi wa Kibra, ambao wengi wao ni Waislamu, walipitishwa kwenye kamati za msasa ambazo majirani zao wa makabila mengine hawakuzijua. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuufuta msasa huo wa ziada. Ni hatua ya kupongezwa, ila tangazo la rais mmoja laweza kutenguliwa na mwingine. Basi anayezungushwa leo asitegemee tangazo peke yake. Aandike barua ya kudai sababu akitaja Kifungu cha 12 na cha 47, naye abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Wapo watakaosema kwamba baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, serikali haina budi kuwa macho. Ni kweli, na hakuna anayeiomba ifumbe macho. Lakini Kifungu cha 24 kinamtwisha anayebana haki mzigo wa kuonyesha kwamba ubanaji huo unafaa na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi. Kumshuku mtu kwa jina lake la Abdi hakutoshi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kanuni ni moja kwa wote, ubaguzi uko wapi? Katiba inakataza pia ubaguzi usio wa moja kwa moja, yaani kanuni inayoonekana sawa lakini inayoumiza kundi moja. Kesi ya hijabu katika shule moja ya Isiolo ilionyesha ugumu wake. Mahakama Kuu iliikataa hijabu mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ikairuhusu mwaka 2016, kisha mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu ombi la kutetea hijabu halikuwasilishwa kwa njia ifaayo. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba hijabu ilipigwa marufuku nchini. Suala lenyewe liliachwa wazi, na kilichoangusha ombi ni namna lilivyoletwa.

Kazini, mambo ni mepesi kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayeshtakiwa kwa ubaguzi athibitishe kwamba haukutokea. Hata hivyo, tunza tangazo la kazi, ujumbe wa simu na tarehe.

Na gharama je? Kifungu cha 22 kinasema kufungua kesi ya haki za kimsingi hakutozwi ada, ingawa wakili ni habari nyingine. Kabla ya kumtafuta, peleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ukiambatisha ile barua, na jibu lake kama lilikuja.