Pumu haijaisha kifua kikitulia

Mgonjwa wa pumu akipata nafuu, dawa anayoiacha mwanzo ndiyo anayoihitaji zaidi. Kifua hakikoromi, usiku kalala vizuri, basi inhela ya kahawia inarudishwa kabatini. Kumbe njia za hewa bado zimevimba kwa ndani. Uvimbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Kubanwa ni dalili tu, inayochokozwa na mafua, moshi wa kuni, vumbi la godoro, mende au baridi ya alfajiri.

Salbutamoli, ambayo inhela yake mara nyingi ni ya buluu, hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Hiyo ni kazi ya steroidi za kuvuta, kama beklometasoni ya ile inhela ya kahawia, zinazotumiwa kama daktari alivyopanga hata ukijiona mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haushauri mtu mzima wala kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ukiihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, rudi kliniki.

Wapo wanaoogopa “kuzoea” inhela. Haimgeuzi mtu teja. Usumbufu mmoja wa steroidi za kuvuta ni fangasi wa mdomoni, na kinga yake ni kusukutua kwa maji na kutema kila ukishavuta.

Wengi huvuta vibaya, dawa ikaishia ulimini. Itikise, toa pumzi, bana midomo, bonyeza mara 1 huku ukivuta hewa polepole, kisha zuia pumzi sekunde 10.

Mtoto hawezi kuoanisha hayo yote. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu la kuishika inhela barabara, ziba kingo kwa utepe. Mtoto aweke mdomo wa chupa kinywani, bonyeza, apumue humo mara 5 au 6. Madaktari wa Cape Town waliipima chupa ya namna hii, matokeo yakatoka 1999: ilifungua kifua karibu sawa na kifaa cha dukani.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikididimia au midomo ikibadilika rangi, msingoje kukuche. Mkalisheni wima, mpeni salbutamoli kwa chupa, mibonyezo 4 hadi 10, mmoja mmoja, mrudie kila baada ya dakika 20 mkiwa njiani kwenda hospitali.