Kauli ya Kutendwa: Mfano wa Jina Siyabuswa

Katika somo hili tutachambua kauli ya kutendwa na kuangalia athari yake katika maana ya sentensi.

Matini

Siyabuswa ni mji wa Wandebele katika jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini. Mji huu ulifanywa makao makuu ya kwanza ya KwaNdebele, eneo lililotengwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Mwaka 1986 mpango wa kulipa eneo hilo uhuru wa bandia ulipingwa vikali, ukaachwa. Mwaka 1994 KwaNdebele ilivunjwa na ardhi yake ikarudishwa katika Afrika Kusini moja.

Uchambuzi

Jina Siyabuswa ni sentensi kamili ya Kindebele yenye maana ya "tunatawaliwa". Tukiligawa tunapata si-ya-bus-w-a: si- ni nafsi ya kwanza wingi, -ya- ni wakati uliopo, -bus- ni mzizi, -w- ni kutendwa, na -a ni kiishio. Kiswahili hufuata mpangilio uo huo: tu-na-tawal-iw-a. Vitenzi vya matini huchukua -w- (tengwa, pingwa), ilhali tawala, chenye asili ya Kiarabu, huchukua -iw-. Tusichanganye si- ya Kindebele na si- ya Kiswahili, ambayo hukanusha nafsi ya kwanza umoja, kama katika sisomi.

Mtenda asiyetajwa

Kauli ya kutendwa humweka mtendwa katika nafasi ya kiima na huruhusu mtenda aachwe. Siyabuswa hutaja wanaotawaliwa, haimtaji anayetawala. Vivyo hivyo, "eneo lililotengwa" halisemi nani alilitenga. Tukiandika "Serikali ya ubaguzi wa rangi ilitenga eneo hilo", mwenye dhamana anajitokeza. Tukiandika "Wakazi waliupinga mpango", ujasiri wao nao unapata wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu asiridhike mwanafunzi anapogeuza sentensi bila kukosea viambishi. Amwulize pia: nani ametajwa, na nani amefichwa?

Zoezi

1. Orodhesha vitenzi vyote vya kutendwa katika matini, kisha tenganisha viambishi vyake.
2. Andika upya sentensi ya pili na ya tatu kwa kauli ya kutenda, ukiwataja watenda. Eleza maana imebadilikaje.