Dawa ya kuua majani na maji ya kisima

Rafiki mutumishi, mvua ikianza, wewe na bibi yako munaingia shambani kupanda mahindi. Wengine wanaacha jembe na kununua dawa ya kuua majani, kwani inapunguza kazi ya mugongo. Sisi hatusemi jembe halichoshi. Lakini ujue kwanza dawa ile inakwenda wapi majani yakisha kukauka.

Dawa hizi hazifanani. Parakwati inashikamana na udongo wa mufinyanzi, haitembei mbali. Hatari yake iko ndani ya chupa: funda moja tu linaweza kuua mutu, na hakuna dawa ya kuikata sumu ile.

Atrazini, dawa ya mashamba ya mahindi, ina tabia nyingine: inafuata maji. Mvua inaishusha ndani ya udongo mpaka kisimani, ao inaikokota mpaka mutoni. Kule Ulaya sheria inakubali mikrogramu 0,1 tu ya dawa moja ya shamba katika litri moja ya maji ya kunywa. Piga hesabu pamoja nasi: gramu 1, ni kusema chumvi kidogo ya kushika na vidole, inatosha kufikisha kipimo kile katika litri milioni 10! Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiruhusu tena. Na visima vyetu vingi vimechimbwa kwa mikono, havina urefu, shamba liko nyuma ya nyumba.

Mama atasema: mimi ninachemsha maji. Vizuri, moto unaua vidudu vya kuhara. Dawa hii hauiondoi.

Basi, usichanganye dawa karibu na kisima, wala usioshe pompi mutoni. Usipige dawa mvua ikiwa karibu. Bidoni tupu uisukutue mara tatu, maji yale uyamwage ndani ya pompi uyapige shambani, kisha uitoboe. Tunajua bidoni yenye kifuniko ni mali nyumbani, lakini hii isichote maji wala mafuta. Tena usinunue dawa iliyopimwa ndani ya chupa ya limonadi. Mutoto hajui kusoma harufu.

Kama mutoto amekunywa, usingoje augue. Kwa parakwati anaweza kuonekana muzima siku ya kwanza, na mapafu yanaharibika nyuma. Kimbia naye hospitali saa ile ile, na chupa mukononi, muganga asome jina la dawa.