Kompyuta ya kusomea vyeti vya IT: uliza RAM kwanza

Wanaojiandaa na mitihani ya usimamizi wa mifumo huniuliza: ninunue i5 au i7? Mimi huwarudishia swali: RAM ni ngapi, na inaongezeka?

Nadharia ya CompTIA A+ unaweza kuisoma hata kwenye simu. Shughuli inaanza kwenye mazoezi. Ukitaka kuielewa Active Directory, lazima uwashe seva ya Windows, kompyuta ya mtumiaji na Linux kidogo pembeni, zote kwa pamoja ndani ya mashine yako moja, kupitia VirtualBox au Hyper-V. Hesabu yangu huwa hivi: seva GB 4, Windows 11 ya mtumiaji GB 4, Linux GB 2, na Windows inayobeba mzigo wote huo GB 4 nyingine, hapo hujafungua kivinjari. Jumla 14. Kwa hiyo GB 8 ni mateso, 16 inatosha kwa kubana, 32 unapumua. Diski iwe SSD. Hilo halina mjadala. Tena Hyper-V haimo kwenye Windows Home, inataka Pro.

Sasa kuongezeka. Kompyuta nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Ndiyo maana bado naipenda ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ingawa haina urembo wowote: ina nafasi mbili za RAM. T490 iliyoifuata imebakiza nafasi moja tu, RAM nyingine imeshachomelewa. Hakikisha prosesa ya Intel ni ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu za kizazi cha 7, isipokuwa chache sana, hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

MacBook zenye chipu za M ni mashine nzuri mno, lakini ni za ARM, wakati Windows Server utakayopakua kwa majaribio ya siku 180 ni ya x64. Kwa masomo haya utahangaika bure.

Mimi hushauri mtumba uliotoka maofisini. Pale Kariakoo usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: iwashe mwenyewe dukani. Ingia BIOS uone kama haina nywila. Fungua Task Manager, upande wa CPU, usome kama virtualization imewashwa. Ikiwa imezimwa, huwashwa humo humo BIOS. Andika powercfg /batteryreport ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na ulivyo sasa. Kisha mwambie muuzaji airudishe kwenye hali ya kiwandani mbele yako na aiunganishe na intaneti. Ikidai barua pepe ya kampuni usiyoijua, bado imesajiliwa kwa mmiliki wa zamani. Mrudishie.

Kwa CCNA peke yake mambo ni mepesi: Packet Tracer ya Cisco ni ya bure na inakimbia hata kwenye GB 8. Ila usichukue mashine isiyo na tundu la waya wa mtandao, na kamera iwe nzima, maana ukiamua kufanyia mtihani nyumbani kupitia Pearson VUE, msimamizi atakuangalia kwa kamera hiyo mwanzo hadi mwisho.