Nani Hulipia Njia Inayopitisha Pesa Yako? Somo la Lodwar na Kakuma

Ukiwa Lodwar na umtumie ndugu yako aliye Kakuma shilingi 500, anapata ujumbe kabla hujarudisha simu mfukoni. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 120 hivi. Njia hiyo ya pesa haikujengwa na kampuni za simu peke yake. Fedha za umma zimo ndani, yaani pesa yako. Hebu tuifuate hatua kwa hatua, tuone pia ni wapi mwizi huingilia.

1. Mnara na kebo

Kampuni ya simu hupenda kuweka mnara penye wateja wengi. Pale ambapo maboma yako mbalimbali na watu huhama na mifugo, hesabu ya biashara inakataa. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya iliunda mfuko wa huduma kwa wote, unaojulikana kama USF. Kampuni za mawasiliano zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, na Mamlaka ya Mawasiliano hutumia fedha hizo kupeleka mtandao sehemu zilizosahaulika.

Kuna pia kebo ya faiba. Mradi wa barabara kutoka Eldoret kupitia Lodwar hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, ulijumuisha kulaza kebo kando ya barabara. Pesa ilitoka kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo hulipwa na mlipa kodi, na kila ukinunua kredo, wewe ni mlipa kodi.

2. Daftari la majina

Mtandao pekee hautoshi. Lazima mfumo ujue pesa ni ya nani. Mpango wa HSNP ulianza kuwalipa watu Turkana mwaka 2009, kwa fedha za Uingereza na baadaye za serikali ya Kenya pia. Baadaye zaidi ya kaya 300,000 ziliandikishwa katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ili ukame ukizidi, hata wasiolipwa kila mara waweze kufikiwa haraka. Wengi walithibitishwa kwa alama ya kidole.

Shilingi 5,400 kwa miezi miwili si mchezo kwa mama aliyepoteza mbuzi. Jina lake likikosewa kwenye daftari, mnara hata uwe karibu namna gani, yeye halipwi.

3. Sheria na ulinzi

Daftari lenye majina na vidole vya watu linahitaji mlinzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu serikali haikuwa imefanya kwanza tathmini ya athari kwa data za wananchi. Mabilioni yalikuwa yameshatumika. Kumbe ulinzi haufai kuongezwa mwishoni kama chumvi iliyosahaulika.

Julai 2023, mfumo wa eCitizen ulishambuliwa na huduma zikasumbua kwa siku kadhaa. Wengine walishindwa hata kununua tokeni za stima. Kwa hivyo bajeti ya mfumo wa umma isiishie kwenye kuujenga. Kuulinda na kuutunza kila mwaka pia ni gharama.

4. Mlango unaobaki wazi

Mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula Kakuma, ambapo mkimbizi alipokea thamani ya chakula kwenye laini ya simu. Baadaye, kule Kalobeyei, familia nyingi zikaanza kupata pesa taslimu kupitia akaunti za benki. Hapo watafiti walikuta jambo: watu wanaochukua chakula kwa deni huacha kadi na namba ya siri kwa mwenye duka kama dhamana.

Hatuwalaumu. Mtoto akilala njaa, deni ni msaada. Lakini mwenye duka akishika kadi na PIN, wewe hujui alitoa ngapi, na huwezi kuhamia duka lenye bei nafuu. Mnara, kebo, daftari na sheria vyote vinafika hapo na kusimama.

Wewe ufanye nini?

- Deni liandikwe kwenye daftari, nakala moja yako. Kadi, laini na PIN zibaki kwako.
- Mtu akipiga simu akisema ni wa HSNP, wa benki au hata wa kwetu, kisha aulize PIN, kata simu. Sisi hatuulizi PIN, kamwe.
- Kama hujui kusoma ujumbe, chagua mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini akusomee. PIN bonyeza mwenyewe.
- Data yako ikitumiwa vibaya, una haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.
- Kukiwa na kikao cha bajeti ya kaunti au baraza la chifu, uliza: mfumo huu mpya utalindwa na nani, na mtu asiye na simu atalipwa vipi? Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe kuhusu fedha za umma.

Msomee jirani somo hili, hasa yule ambaye laini yake iko dukani leo. Tukutane wiki ijayo.